Kila Herufi Isomwe

Simu ingepigwa saa nne kamili asubuhi, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili niwepo. Hakuna aliyeniomba niwepo. Binti yangu alinieleza kwa upole, huku akinimiminia chai, kwamba mazungumzo yenyewe ni ya nusu saa tu na kwamba bosi wangu asije akachukia bure. Mama yake akadakia kwamba nikipita sokoni nimnunulie vitunguu, kisha nipitilize kazini. Nikawaambia vitunguu havina miguu. Siku kama ile baba wa nyumba haendi kupanga nati.

Kazi aliyoomba ilikuwa hivi. Kampuni moja ya magari ya wagonjwa ilitafuta mtu wa kupokea simu za dharura za wageni, watu ambao wakianguka au wakiungua hawana lugha nyingine ya kuomba msaada ila Kiingereza. Walioomba walikuwa zaidi ya mia mbili, wakachujwa kwa mtihani wa kuandika mpaka wakabaki tisa. Binti yangu alikuwa mmoja wa hao tisa. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo, kwa simu, mara moja tu. Ukiteleza, hurudii.

Na akiteleza, alikuwa anakuja kwangu. Nafanya kazi kwenye stoo ya vipuri vya malori, na nilikuwa nimeshamwombea nafasi ya kufuta vumbi na kupanga maboksi. Mkuu wa stoo alisema ataishikilia mpaka Ijumaa. Niliiomba nafasi ile mwenyewe na kuichukia mwenyewe. Miaka ishirini na sita ya vumbi la breki imenipa kikohozi kinachoamka kabla yangu. Sikutaka mwanangu akohoe kama mimi.

Sasa niseme habari za Kiingereza changu, maana ndicho kilichotaka kutuzamisha.

Shule niliacha darasa la tano. Stoo niliingia kama mbebaji, na kila boksi nililobeba lilikuwa na maandishi. Wenzangu waliyaona kama mapambo. Mimi nikawa nayasoma. Mwalimu wangu alikuwa boksi, na boksi halitamki. Limekaa kimya, wewe ndiye unayelisemea. Basi nikalisemea kama tunavyosoma lugha yetu, kila herufi ikipewa haki yake. Ukiona pi, sema pi. Ukiona di, sema di. Herufi haikuandikwa ili ipumzike. Baada ya miaka mitatu nikawa ndiye ninayesoma lebo na wengine wanabeba. Wakaniita Profesa. Walianza kwa dhihaka, lakini jina likakaa, na mimi nikakaa ndani yake.

Nani angenisahihisha? Dereva akitaka kitu nampa, anakifunga, gari linawaka, linaondoka. Gari halina habari na matamshi yako.

Maneno ya kila siku nayo niliyaunga mwenyewe. Sisi harufu tunaisikia, kwa hiyo katika Kiingereza changu harufu ilisikika, sawasawa na muziki. Sisi mtu akitoka kidogo husema nakuja, kwa hiyo nilimfundisha mwanangu kwamba akiondoka mbele ya mgeni amwambie anakuja, hata kama ameshampa mgongo.

Kisha kulikuwa na pete. Shuleni kwetu aliyesema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, akazunguka nacho mpaka amkamate mwingine. Mimi nilikivaa kuliko wote. Ungedhani mtu aliyevaa kitu kama kile atakichukia mpaka kufa. Lakini binti yangu alipoingia sekondari nilichukua pete ya beringi ya lori iliyochakaa, chuma kitupu, nikaitia kamba ya kiatu na kuitundika kwenye msumari sebuleni. Sheria ilikuwa moja. Wakati wa chai ya jioni ni Kiingereza tu, na anayekosea anavaa pete mpaka amalize kuosha vyombo vyote. Mwamuzi wa makosa ni mimi. Mama yake hakusoma Kiingereza, kwa hiyo hakuhusika. Alisema tu kwamba kinachofungwa kengele ni ng'ombe. Nikamjibu kwamba ng'ombe asiye na kengele hupotea.

Miaka miwili ya kwanza mtoto aliivaa karibu kila jioni. Kosa lake lilikuwa lile lile, kumeza herufi. Jumatano ya Kiingereza aliitoa kama mtu anayepiga chafya, wenzdei, na ile di ya katikati haionekani ilikokwenda. Nikimrudisha, anasema mwalimu wao ndivyo anavyotamka. Nikamwambia mwalimu wao ana uvivu wa ulimi. Baadaye akanyooka. Alisema wedinesidei kama nilivyotaka, herufi zote zimejipanga. Miaka sita hakuivaa tena pete, ikabaki msumarini ikishika kutu. Mimi kule stoo nikawa natamba kwamba yule nimemnyoosha kwa mkono wangu.

Asubuhi ile alikaa kwenye meza karibu na dirisha, mahali pekee nyumbani kwetu panapokamata mtandao vizuri. Simu yake ilikuwa imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo ilibidi aongee kwa sauti ya nje, kila mtu asikie. Mimi nilivuta kiti nikakaa mbele yake, hatua mbili, chini ya ule msumari.

Akaniangalia kwa muda. "Baba, ungekaa nje kidogo? Nikikuona nachanganyikiwa."

"Ukichanganyikiwa kwa baba yako," nikamwambia, "huko kwa watu utakuwaje?"

Mama yake akasonya mlangoni, akaenda jikoni.

Saa nne ilipogonga, simu ikaita. Mtahini alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, asiye na salamu ndefu. Alisema mtihani una sehemu tatu. Kwanza, binti asome ujumbe aliotumiwa dakika chache kabla, ambao alikuwa ameunakili kwenye daftari. Pili, azungumze na mtu atakayejifanya amepata dharura. Tatu, ajieleze mwenyewe. Hayo niliyaelewa yote, nikajisifu kimoyomoyo.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Mgonjwa fulani achukuliwe siku ya Jumatano, dawa zake zimo kabatini, na dereva asisahau kuchukua risiti. Mistari mitatu. Mtoto aliyesoma anaimaliza kwa pumzi moja.

Alifungua mdomo akasimama. Macho yake yakatoka kwenye daftari yakaja usoni kwangu. Nikamtingishia kichwa polepole, kumtia moyo. Kidole chake kilikuwa kimebana ukingo wa meza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

"Wedinesidei," akasema.

Kisha mtahini akauliza ni siku gani, na akaitaja yeye mwenyewe, ile ya chafya. Nikatabasamu. Kumbe na hawa wanameza. Nikainua kidole kumwonya mwanangu asimfuate, na yeye akaona kidole, akarudia kama mwanzo, di zote mbili zimesimama wima. Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi kule kwenye simu.

Akaendelea. Alipofika kwenye kabati alisita tena, nikambania midomo kumwonyesha pi. Akasema kapbodi. Kalamu ikakwaruza. Alipofika kwenye risiti alianza vingine, nikaona anataka kuteleza, nikagonga goti langu mara moja tu, kimyakimya. Akasema risipti, kwa nguvu, kama mtu anayetema mbegu. Kalamu ikakwaruza kwa muda mrefu.

Mimi nilidhani anampa alama.

Lakini mwanangu hakuwa na uso wa mtu anayepewa alama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yalikuwa yamejaa. Mtahini akasema kitu kirefu, kwa sauti iliyopungua ukavu. Sikukishika chote. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba alisema maandishi ya binti na simu fupi waliyowahi kuongea juma lililopita havifanani kabisa na anachokisikia leo, kisha akamuuliza kama yuko na mtu pale chumbani.

Binti akaniangalia, akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu.

Hilo nililielewa. Nimekaa hatua mbili kutoka kwake, magoti yangu yanakaribia kugusa meza, na hakuna mtu.

Mtahini akasema atampa dakika tatu anywe maji, simu isikatwe. Wakirudi waanze sehemu ya pili, na ikiwa itakuwa kama ya kwanza, ataomba radhi na kufunga faili. Hayo nayo niliyaelewa. Kuna maneno mtu huyaelewa hata kama hajafika darasa la sita.

Nikatazama jikoni. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ananiita kwa mkono. Hakuwa na uso wa kubembeleza. Nikanyanyuka, nikaenda.

Alifunga mlango nyuma yangu, akanong'ona. "Unamzamisha mtoto."

Nikanong'ona kwamba namsaidia, kwamba kama si mimi angekwisha kumeza nusu ya ujumbe. Halafu akaweka kiganja kwenye mlango wa kabati la vyombo.

"Hiki ni nini?"

"Kabati. Tuna dakika tatu, mama."

"Waliotuletea walikiitaje?"

Nikamtajia, na pi yake.

"Basi babu zetu hawakuwa na masikio," akasema. "Walisikia neno zima wakakosa kusikia hiyo pi yako. Wakapelekwa dukani wakapewa risiti, wakakosa kuisikia tena. Mara mbili, mzee. Watu wazima wote wale."

Kabati. Risiti. Maneno niliyoyasema maisha yangu yote, kila siku ya Mungu, pale pale stoo nikiwa nimeshika risiti mkononi. Waliyachukua kwa sikio. Mimi nilikuwa nimeyachukua kwa jicho, kutoka kwenye boksi.

"Mwenyewe anajua?" nikauliza.

"Anajua tangu yuko shule. Wewe ukitoka anasema vingine, ukiingia anasema vyako. Miaka sita anakutunzia heshima yako humu ndani. Leo inamponza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeleta pete."

Sitajisafisha. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira. Nilitaka kusema kwamba wamenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu, kwamba wamekaa na kunicheka. Ila nilipomtazama mama yake sikuona mtu aliyewahi kucheka. Na kisha nikaona kitu kingine, mtoto wa miaka kumi na minne kwenye karai, maji baridi mpaka viwikoni, chuma kikigonga ukingo kila anapoinama. Anavaa kwa neno ambalo amelisema sawa. Na aliyemvika amekaa sebuleni anamalizia chai yake, Profesa.

Nyani haoni kundule. Mimi langu nililitundika msumarini kwa miaka minane na sikuliona.

Dakika moja ilikuwa imekwisha, labda zaidi. Njia rahisi ilikuwa kutokea mlango wa nyuma na kwenda zangu kazini. Lakini namjua mwanangu. Nikitoka kimya atadhani nimeudhika, na atajibu mtihani huku ananifikiria mimi. Kumwambia siwezi, simu iko wazi na yule mwanamke ana masikio. Ilibidi aone.

Nikarudi sebuleni. Alikuwa amekaa vile vile, glasi ya maji mbele yake haijaguswa. Kutoka kwenye simu ilisikika karatasi ikifunuliwa. Nikapita mbele yake, nikanyoosha mkono juu ya kiti changu, nikaitoa pete msumarini.

Aliposikia kamba ikikwaruza ukuta, hakunitazama. Aliinamisha shingo.

Ana miaka ishirini na miwili. Ana cheti. Amewashinda watu mia mbili. Alisikia ile kamba, akainamisha shingo nivike.

Nadhani nilisimama pale kwa muda ambao hatukuwa nao. Kisha nikajivika mwenyewe. Chuma kilikuwa baridi na kizito kuliko nilivyokumbuka, kikanigonga kifuani, naye akainua macho. Nikaugusa mdomo wangu kwa kidole, nikatikisa kichwa kukataa. Nikamwelekezea yeye kidole, kwenye mdomo wake, nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kama ilieleweka hivyo. Alikitazama kile chuma kwenye shati langu la kazini kama anayesoma barua.

Mtahini akaita jina lake.

Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka, nikasimama uani kwenye bomba la maji, mahali ambapo angeniona kupitia dirishani nikiwa nimempa mgongo. Nilitaka aione kamba shingoni na asione uso.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa kibarazani kwake anatia uzi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Profesa, hiyo medali wamekupa lini?"

Nikamwekea kidole mdomoni anyamaze. Akanyamaza, lakini hakuacha kutazama.

Nyuma yangu, dirishani, kulikuwa kimya. Nikahesabu pumzi. Tone la maji likadondoka bombani, jingine likadondoka. Yule mtu wa kujifanya alikuwa ameanza, sauti ya mwanamume anayelia na kupiga kelele kwamba mke wake ameanguka jikoni. Mwanangu hakujibu. Mwanamume akarudia, kwa kelele zaidi. Bado kimya. Nikashika ile pete kwa mikono miwili, nikaing'ang'ania kama usukani.

Halafu nikasikia mtu anaongea.

Nilitaka kugeuka nione ni nani ameingia. Ilikuwa sauti ya binti yangu, lakini Kiingereza kile sikuwa nimewahi kukisikia nyumbani kwangu. Kilikuwa chepesi, kinakwenda bila kujikwaa, herufi nyingi zimelala na hakuna anayeziamsha. Alimtuliza yule mtu. Akamuuliza mko wapi, mtaa gani, anapumua au hapumui. Alipotajiwa gesi, alimuuliza kuhusu harufu, na hakuisikia kwa masikio, alitumia neno jingine kabisa, la puani. Alipotaka yule mtu asubiri kidogo, alimwambia abaki kwenye simu, kwamba haondoki. Hakumwambia anakuja.

Sikuelewa hata nusu. Nasema kama ilivyokuwa. Nimekaa na Kiingereza miaka ishirini na sita, na siku kilipopita dirishani kwangu nilikijua kwa shida.

Sehemu ya tatu ilikuwa fupi. Akajieleza. Mwishoni mtahini akamuuliza swali moja, na mwanangu akakawia kabla ya kujibu. Katika jibu lake nilishika neno baba.

Simu ilipokatwa, sikugeuka mpaka aliponiita. Niliingia. Alikuwa amelaza paji la uso mezani. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema sehemu ya kwanza imeandikwa na haifutwi, aliomba airudie wakakataa. Watatoa jibu kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nikamuuliza lile swali la mwisho lilikuwa nini.

"Ameniuliza tena nani alikuwa chumbani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia baba yangu. Nikamwambia sasa ametoka."

Sikuenda kazini. Vitunguu nilinunua, nikavipeleka jikoni nikiwa na pete shingoni, na sokoni nilikwenda nayo vile vile. Watu walitazama. Mwuza nyanya aliuliza kama ni dawa. Saa nane ikapita, saa tisa, saa kumi. Mama yake alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Binti alikaa dirishani ameishika simu kwa mikono miwili, kila ikilia kwa ujumbe wa matangazo tunaruka wote watatu. Nilianza kufikiria Ijumaa, na namna ya kumpangia rafu za chini zenye vumbi kidogo.

Ujumbe uliingia saa kumi na dakika arobaini. Aliusoma mara mbili kabla ya kutuambia. Nafasi ya kudumu wamempa mwingine, kwa sababu ya sehemu ya kwanza. Ila wana nafasi moja ya majaribio, miezi mitatu, na kwa sehemu ya pili wamemchukua yeye. Akipita, wataangalia. Aanze Jumatatu.

Mama yake akakaa chini sakafuni. Mimi niliuliza ni alama ngapi zilipotea kwenye ile sehemu ya kwanza. Binti akasema baba, acha. Nikauliza tena. Akanitajia. Zingebaki hata nusu yake, nafasi ya kudumu ingekuwa yake.

Ile hesabu ninayo mpaka leo, na sijampa mtu mwingine aibebe.

Asubuhi yake nilimwambia mkuu wa stoo ampe mwingine ile nafasi. Lakini hiyo ni asubuhi yake. Jioni ile tulikunywa chai, na ilipokwisha nilikusanya vikombe na sahani, nikaenda kwenye karai. Binti akanifuata, akataka kunivua kamba shingoni. Nikamzuia. Nikamwambia sheria ni sheria, vyombo bado.

Akachukua kigoda akakaa kando yangu na kitambaa cha kufutia. Pete ilikuwa ikigonga ukingo wa karai kila nilipoinama, na kila ilipogonga alitazama pembeni. Tulifika kwenye vikombe.

"Haya," akasema mwishowe. "Sema Jumatano."

Nikasema. Nilijitahidi kuilaza ile di, ikakataa kulala.

Akafikiri kidogo, mwamuzi mpya, kisha akanisogezea sufuria lililoungua chini.

"Bado," akasema.